Msumari wa Twiga

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele, palipo saluni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, kuanzia unywele hadi ukucha. Habari za kichwa? Habari za moyo, habari za maini? Na figo zako, zote mbili, hazijambo? Usishangae nikizisalimia moja moja. Siku hizi katika nyumba hii figo zinaulizwa hali kabla ya watu.

Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyekufa. Mama anakula, anasali, ananuna. Sikio la kushoto limeziba kabisa, ila la kulia linasikia hata yasiyosemwa. Anauliza kama bado unalala na soksi. Mimi kisukari changu kipo palepale, tunaishi nacho kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama.

Saluni inakwenda. Kile kioo ulichokipasua nimekiondoa, nimeweka kipya kikubwa. Sasa wateja wanajiona vizuri na wameanza kunilaumu mimi. Zamani walikuwa wanalaumu ufa.

Picha mliyotuma tumeipata. Umenenepa, bwana wee. Mama aliitazama muda mrefu, akauliza huyu baba mkwe wa nani. Tukamwambia ni mwanawe. Akasema basi huko kunakulika.

Ningekupigia simu, lakini namba yako haipatikani tangu wiki ya juzi. Nimejaribu ya kazini kwako, mtu akanijibu kwa lugha yake, akakata. Kwa hiyo nimekaa kuandika kwa mkono kama zamani. Barua ina uzuri wake, haina mahali pa kubonyeza ikakatika. Na wifi akiifungua kabla yako hakuna ubaya, asome tu. Wifi, hujambo? Kwamba mume wako ana mtoto huku, hilo unalijua. Yaliyobaki pengine hakukusimulia. Vuta kiti.

Nianze na Twiga. Unamkumbuka Twiga? Ni yule binti yako.

Jina ulimpa mwenyewe. Mkunga alisema, "Huyu mtoto mrefu huyu," nawe ukaruka kama umeshinda kitu, "Twiga wangu!" Mama yake, Mungu amrehemu, alilikataa jina hilo mpaka anaingia kaburini. Alisema mtoto haitwi kitu ambacho hajawa. Sisi tukamwona mshamba, na jina likaganda.

Sasa ana miaka kumi na mitatu, na mgeni akimwona anamkadiria minane. Watu wa mtaa huu unawajua, hawana dogo. "Twiga, inama, utagonga nyaya za umeme!" "Twiga, huko juu mvua imeanza?" Fundi viatu wa jirani ndiye kiranja wao. Kila asubuhi Twiga anapoenda shule, yule mzee huweka mkono juu ya macho kama anayetazama kilele cha mlima, na kumuuliza kama yeye huku chini anaonekana. Twiga hucheka nao. Akirudi anaingia bafuni, anafungulia bomba, anakaa humo mpaka mama apige kelele za maji.

Na msumari, unaukumbuka? Siku uliyoondoka begi lilikuwa mlangoni, gari inapiga honi, na mtoto wa miaka mitano ameng'ang'ania suruali yako hataki kuiachia. Ukatoa nyundo. Wewe bwana ni seremala, hata msibani utatoa nyundo. Ukapigilia msumari kwenye fremu ya mlango, usawa wa kifua chako, ukamwambia, "Twiga, kichwa chako kikigusa hapa, siku hiyo baba anakuja kukuchukua." Mtoto akautazama msumari, akaachia suruali. Sote tukasema una akili kama za sungura. Ulikadiria miaka mitano au sita, kwa kuwa watoto wa ukoo wetu hukua kama magugu. Wewe ambaye hupimi ubao ukaukosea, hapo ulikosea.

Ugonjwa wake unaujua kwa kuusikia. Asubuhi anaamka na uso umevimba, mchana anasinzia darasani, chakula bila chumvi anakisukuma pembeni. Dokta wa figo alituambia kwamba figo zake zilizaliwa dhaifu, na mtoto mwenye figo za namna hiyo hakui. Anakaa palepale wenzake wakimpita.

Ngoja nikueleze jinsi wanavyoijua figo ya mtoto, maana wewe ulikuwa unataka namba tu, hukutaka kujua inakotoka. Figo hawaifungui kuichungulia. Wanaikadiria. Kuna taka inatoka kwenye misuli ya mtu na kuingia kwenye damu, na kazi ya figo ni kuitupa nje. Wanachota damu kidogo kuona imebaki taka kiasi gani. Mtu mzima kama wewe ana hesabu yake. Mtoto wanachukua urefu wake, wanauzidisha kwa namba yao wanayoijua wenyewe, halafu wanagawa kwa ile taka. Kinachotoka ndiyo kazi ya figo. Mtoto mrefu ana misuli zaidi, kwa hiyo taka ikizidi kidogo anasamehewa. Mfupi mwenye taka ileile hasamehewi.

Siku dokta anatueleza hayo mama alikuwepo. Akatega lile sikio zima, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kukadiri ni kazi ya Mungu. Nyinyi mnakadiri kwa futi kamba?" Dokta akacheka sana. Akasema, "Bibi, Mungu anajua. Sisi tunakisia tu." Tukacheka wote. Twiga alikuwa pale kwenye kiti, miguu haigusi sakafu, anasikiliza. Alichokishika ni neno urefu.

Kliniki yake ni kila baada ya miezi mitatu. Tangu mwaka juzi, kila ikikaribia, alikuwa anakuja saluni kuniomba, "Shangazi, nisuke mnara." Yaani nywele zote nizipandishe juu ya utosi, nizifunge fundo moja nene. Na sketi alitaka ndefu, iburuze. Mimi nikafurahi. Nikasema hatimaye usichana umebisha hodi hata kama urefu umekataa, na binti akianza kujali kioo, msusi gani atamkatalia? Nikamsuka mnara. Kila kliniki ukawa mrefu kuliko wa kliniki iliyopita, na wateja wakawa wanamtania kwamba anajenga ghorofa bila kibali.

Tukirudi nakupigia. Simu naweka kwenye spika, unajua mikono yangu muda wote iko kwenye kichwa cha mtu. Swali lako la kwanza lilikuwa lilelile, "Amerefuka?" Twiga amekaa kwenye kiti cha wateja anabembeza miguu. Mia thelathini na tano. "Safi! Twiga wangu huyo!" Kliniki nyingine, mia thelathini na saba. "Safi sana!" Ya juzi juzi hapa mia thelathini na tisa, ukapiga ukelele mpaka mteja aliyekuwa amesinzia chini ya draya akazinduka, akauliza nani kafa. Habari ya figo uliiulizia mwishoni, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

Jana nimepima kwa futi pale ulipoupigilia msumari wako. Ni sentimita mia na arobaini. Kwa mujibu wa kliniki, mwanao alikuwa amebakiza sentimita moja.

Utaniuliza, mtoto mnaishi naye nyumba moja, hamkuona? Anayemwona mtoto kila siku haoni akikua wala asipokua. Wewe ambaye ungekuja baada ya miaka ungeona kwa jicho moja. Tena nyumbani alikataa katakata kusimama kwenye ile fremu. Nikimwambia njoo tuone, ananijibu, "Bado, shangazi, nasubiri nifike kabisa."

Sasa sikiliza habari ya ishirini. Mwaka jana dokta alisema tuanze kumfikiria ndugu wa kutoa figo, kwamba namba ya kazi ya figo ikishuka chini ya ishirini mazungumzo hayo hayatakuwa ya kufikiria tena. Nikakueleza. Nawe ukasema kwa mdomo wako, mbele ya mama, "Ikishuka chini ya ishirini, dada, nipigie tu. Siku hiyohiyo napanda ndege." Huo ukawa msumari wa pili. Ndiyo kazi yako, kupigilia misumari na kuondoka.

Namba nayo ikawa haianguki. Ishirini na tatu, ishirini na mbili, ishirini na moja, inasota pale pembeni kama mlevi kwenye ukingo wa mtaro. Kila nikikutajia nilikuwa naisikia pumzi yako ikishuka. Dokta mwenyewe alikuwa ametulia. Aliona damu inachafuka kidogo kidogo, lakini mtoto anarefuka, na mtoto wa figo mbovu harefuki. Akatuuliza tunamlisha nini. Mama akamjibu kwamba ni damu ya ukoo, kwetu hakuna wafupi, hata waliokufa walilazimika kuchimbiwa marefu.

Mwezi uliopita tukamkuta muuguzi mgeni kwenye ubao wa kupimia. Mama mmoja mnene, mikono mizito, macho kama ya askari wa getini. Foleni ilikuwa imejaa kina mama na watoto wao kwenye mabenchi. Akamtazama Twiga kuanzia fundo la nywele mpaka pindo la sketi, akasema, "Fungua nywele." Twiga akasema zimesukwa. "Zifungue." Nikazifungua mimi, kazi ya saa nzima, nazibomoa nikiwa nimesimama. Akasema, "Vua soksi." Zilikuwa zimekunjwa mara mbili kisiginoni, nene kama maandazi. Watu wakaanza kugeuza vichwa.

"Shusha visigino."

"Nimeshusha."

"Mwanangu, mimi nimezaa. Shusha."

Akamwekea mikono mabegani, akamkandamiza. Mdogo wangu, mtoto aliteremka. Nilimwona akiteremka kwenye ule ubao mbele ya macho yangu, taratibu, na sketi ikamrundikia miguuni kama shuka lililoanguka kutoka kwenye kamba. Mwanamke mmoja kwenye benchi, aliyekuwa ametusikia tukimwita, akasema kwa sauti, "Ama! Kumbe twiga mwenyewe mbuzi!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Kilinitoka kabla sijakikaba. Wewe ungekuwepo ungecheka kutuzidi wote, nakujua.

Mia ishirini na sita. Sentimita kumi na tatu zote zilikuwa nywele, soksi na vidole vya miguu.

Dokta akarudia hesabu kwa damu ileile ya mara iliyopita. Ikatoka kumi na tisa. Akatuma damu mpya ipimwe, tukasubiri mpaka mchana, ikatoka kumi na tano. Yule dokta kijana ni mpole, siku zote anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Siku hiyo alikunja sura, nadhani alijionea aibu na aibu ikageuka hasira. Akamwambia mtoto, "Unajua ulichokifanya? Umetupotezea mwaka mzima." Hakusema uongo.

"Kwa nini ulikuwa unachuchumia?"

Twiga akasema, "Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kufika."

Dokta hakuelewa, akadhani ni utoto. Mimi nilielewa. Basi nikueleweshe na wewe, usije ukajifanya hujaelewa. Mtoto alijivuta ili uje. Na kwa kujivuta kwake namba ikabaki juu ya ishirini, nawe ukabaki huko. Alikuwa anakuita kwa kitu kilekile kilichokuwa kinakupa ruhusa ya kukaa.

Tulirudi nyumbani. Nikamweleza mama, kwa kupaza sauti, kwamba mjukuu wake alikuwa anachuchumia kwenye ubao. Mama akasikia anachuchumaa. Akauliza, "Sasa mtu akichuchumaa anarefukaje?" Nikarudia mara tatu, majirani wote wakasikia, mpaka fundi viatu akaacha nyundo yake. Mama alipolipata neno lenyewe akasema muuguzi ana wivu, kwao watakuwa wafupi. Usiku huo hakula. Hivyo ndivyo mama yetu anavyolia.

Siku ya pili nikakutumia ujumbe kwamba namba imeshuka, ni kumi na tano, panda ndege. Ukajibu kwa ujumbe wa sauti. Nilikuwa na mteja, nikaweka kwenye spika kwa mazoea, na Twiga alikuwa anafagia nywele. Sauti yako ikatoka nzuri, imeshiba. "Dada, hiyo si ni kadirio tu? Waambie wakadirie tena. Labda alisimama vibaya." Halafu ukaingiza mkataba wa kazi, ukaingiza mgongo wako, ukaingiza wifi na watoto, ukamaliza kwa kusema tuwe na subira, tutaongea. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani.

Alisimama vibaya! Maneno hayo umeyatoa wapi? Hata shetani angejikuna kichwa kwanza.

Twiga aliniomba niurudie ujumbe. Nikaurudia. Mara ya pili nilimwona anatabasamu. Akasema, "Baba anasema nilisimama vibaya." Akaweka ufagio chini, akaenda kwenye fremu ya mlango, akageuza mgongo, akanyanyua visigino. Shingo ameivuta mpaka mishipa imesimama, macho yako juu yanautafuta msumari, na kati ya kichwa na msumari bado kuna nafasi ya kupitisha paka. Saluni imejaa. Mteja mmoja, ana povu la sabuni kichwani, akasema, "Twiga, shingo umeisahau wapi?" Wakacheka, wamezoea, na yeye akacheka nao huku anatetemeka miguu.

Mara hii mimi sikucheka. Nilichukua mashine ya kunyolea, nikamkalisha kwenye kiti, nikamnyoa. Zote. Nywele za mnara, mashina, mpaka ngozi ikang'aa. Alilia, "Shangazi, usininyoe," analia kwa sauti ya mtoto wa miaka minane. Sikumbembeleza. Nilimwambia nywele hizi zimedanganya vya kutosha. Ana kichwa kizuri, cha mviringo, ndicho chako kabla hujanenepa.

Kisha nikamsimamisha kwenye fremu. Nikamwambia visigino chini, mgongo kwenye mbao. Nikachukua koleo, nikaung'oa msumari wako. Umeliwa na kutu, na ulitoka na kibanzi cha mbao, umeacha tundu pale juu. Nikaupigilia upya, chini, unagusa utosi wake kabisa. Kila nilipogonga alikuwa anafumba macho. Mimi si seremala, umekaa upande, lakini umeshika.

Akageuka akautazama. Akasema, "Umeushusha." Nikasema ndiyo. "Baba atajua." Nikamwambia baba yako hakumbuki hata uko upande gani wa mlango. Akashika ufagio wake, akafagia nywele zake mwenyewe.

Sasa mambo ya kazi. Mimi nimeshajitolea, wakanirudisha kwa ajili ya sukari. Mama alitaka kutoa yake, akavaa nguo ya sherehe kwenda kuitoa, dokta akamshika mikono yote miwili akamwambia umri umepita. Mama yake Twiga yuko kaburini, na huyo angetoa zote mbili. Umebaki wewe. Huenda yako isimfae, hilo nalo watalijua wakikupima, lakini ukiwa huko hawana cha kupima. Mwezi ujao wanamlaza, watamwekea mpira shingoni wamuunge na mashine ya kusafisha damu, na atakuwa anashinda kitandani siku nyingi kuliko darasani. Dokta anasema kuna watoto wanavumilia mashine. Hakusema kwa muda gani, nami sikumuuliza, maana Twiga alikuwa amekaa palepale na sasa anasikiliza kila neno.

Sikuombi, mdogo wangu. Mtu huomba kisicho chake. Kama hutaki kuja, kuna njia rahisi, hata kazini hutachelewa. Tuma neno moja tu, "sitaki". Nitaliweka kwenye spika kama tulivyozoea.

Mengine ni madogo. Paa la choo limetoboka. Fundi viatu ameacha kuweka mkono juu ya macho. Tangu amwone Twiga na upara anajifanya anatafuta gundi. Ubao wako wa zamani wa kupigia randa mama ameugeuza kizuizi cha mlango, usiudai.

Msalimie wifi sana, mwambie simchukii, nampenda kwa kumhurumia. Wabusu hao wadogo wawili. Wapime urefu kila mwaka, ni jambo zuri, ila usiwapigilie kitu ukutani. Mama anakusalimu, amesema nikuandikie uache kulala na soksi, nami nimesema nitaandika. Mungu akulinde barabarani, akuepushe na ajali, na pombe, na chumvi nyingi. Akuzidishie afya usiku na mchana, azilinde figo zako zote mbili, maana moja si yako.

Twiga naye anakusalimu. Ameniomba nisikuandikie kwamba msumari umeshushwa. Anataka nikuambie hivi tu, kwamba amefika.

Wako akupendaye bila kupenda,
Dada yako.